Bwana Sakarani: aliyeacha jina lake Soni

Ukipita Soni kuelekea Lushoto, utasikia watu wakitaja Sakarani. Siku hizi wengi wanajua ni misheni ya Wabenediktini, tena wanatengeneza mvinyo. Jina lenyewe ni la zamani kuliko misheni, na lilikuwa la mtu.

Mtu huyo ni Tom von Prince, ofisa wa jeshi la Wajerumani. Alizaliwa 1866 Mauritius, baba Mwingereza, mama Mjerumani. Wazazi walipofariki akapelekwa Ujerumani, akasomeshwa uofisa. Miongoni mwa wenzake wa masomo alikuwemo Paul von Lettow-Vorbeck. Shikilia jina hilo, litarudi.

Alifika huku 1890, katika jeshi la Wissmann. Ulaya ya wakati ule, ofisa mwenye fahari alikuwa mpanda farasi, kifua kimejaa nishani na mabega yanang'aa. Huku kwetu mbung'o na maradhi walimaliza farasi, kwa hiyo vita vilipiganwa kwa miguu. Askari, wengi wa mwanzo wakiwa Wasudani, walivaa kaki na kofia yenye tai wa madini mbele. Maofisa walivaa kofia pana iliyokunjwa upande mmoja. Vitu hivyo leo vinawindwa na wakusanyaji duniani, hata kwa kifungo kimoja tu cha koti.

Ila cheo cha Prince kilikuwa na bei, na waliolipa ni wengine.

Januari 1893 aliongoza shambulio la ngome ya Isike, mtemi wa Unyanyembe, pale Tabora. Mashambulizi ya mwaka wa nyuma yalishindwa. Safari hii ukuta ukavunjwa, na Isike akalipua ghala la baruti akiwa ndani. Inasemekana jina Sakarani, yaani mlevi, alipewa kwa jinsi alivyopigana, kama mtu ambaye kichwa si chake.

Kisha Uhehe. Mkwawa alikuwa amewapiga Wajerumani vibaya Lugalo, Agosti 1891, na kamanda wao Zelewski akafia hapo. Oktoba 1894 Prince alikuwemo kwenye jeshi lililoiteka Kalenga. Mwaka 1896 akaanzisha boma la Iringa, na kutoka hapo akamsaka Mkwawa kijiji kwa kijiji. Watu walionyang'anywa chakula na kufukuzwa makwao ni wengi, na majina yao hayakuandikwa popote. Julai 1898 Mkwawa akajipiga risasi. Kichwa chake kilikatwa, kikapelekwa kwa Prince.

Hapo ndipo mimi huwaza kuhusu ukusanyaji. Beji ya kofia ni kumbukumbu ya vita, sawa. Lakini fuvu la mtu nalo lilichukuliwa kama kumbukumbu ya vita. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliwataka Wajerumani walirudishe. Lilifika Kalenga 1954, na mpaka leo watu wanabishana kama ndilo lenyewe.

Prince aliacha jeshi 1900, akaja Usambara na mkewe Magdalene, akafungua shamba. Eneo likabeba jina lake la utani. Lushoto ya wakati huo iliitwa Wilhelmstal, kwa heshima ya Kaiser, na Kaiser huyohuyo ndiye aliyempa ile von, alama ya ukabaila. Kwa mtoto yatima wa Mauritius, hiyo ilikuwa zaidi ya nishani.

Vita vya 1914 vilipoanza alivaa tena sare. Agosti aliongoza waliotwaa Taveta. Novemba Waingereza wakashusha askari wapatao 8,000 Tanga, wengi Wahindi, dhidi ya kama 1,000 wa Kijerumani. Kamanda wa Wajerumani alikuwa Lettow-Vorbeck, mwenzake wa masomo. Wajerumani walishinda, lakini tarehe 4 Prince aliuawa akipigana mjini, kwa risasi za jeshi la taifa la baba yake. Alikuwa na miaka 48.

Wilhelmstal ilirudi kuitwa Lushoto. Sakarani imebaki Sakarani.