Kabla ya kumzomea refa, mjue Robert Wangila

Usiku mmoja tulikuwa kwa beshte yangu Umoja, wasee watano tumezingira simu moja tukitazama pigano la MMA. Refa akaruka katikati na kulisimamisha. Tukawaka wote. Jamaa si alikuwa bado amesimama? Babake beshte, aliyekuwa kimya muda wote na gazeti lake, akatuuliza kama tunamjua Robert Wangila. Hakuna aliyejibu. Mzee akatikisa kichwa na kurudia kusoma.

Nilienda kumtafuta huyo Wangila. Maze, niliona aibu.

Robert Napunyi Wangila alizaliwa 1967 hapa hapa Nairobi. Alikulia enzi ambapo ndondi ilikuwa mchezo mkubwa mjini, na timu ya taifa, Hit Squad, iliogopwa Afrika nzima. Michezo ya Afrika ilipoandaliwa Nairobi 1987, Wangila alikuwa miongoni mwa mabondia waliowapa mashabiki wa nyumbani raha ya dhahabu.

Mwaka uliofuata akapanda ndege kwenda Seoul, Korea Kusini, kwa Olimpiki. Hiyo ndiyo Olimpiki iliyompa Lennox Lewis dhahabu yake, na ndiyo ile ambayo Roy Jones Jr alinyimwa ushindi mchana peupe. Wangila alikuwa uzani wa welter, kilo 67. Kwenye fainali alikutana na Mfaransa Laurent Boudouani. Hakuwaachia majaji kazi yoyote: raundi ya pili akamlaza kwa KO.

Hebu tulia hapo kidogo. Wangila alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda dhahabu ya ndondi katika Olimpiki. Kenya ilirudi kutoka Seoul na dhahabu tano. Nne zilikuwa za wakimbiaji: Paul Ereng, Peter Rono, John Ngugi na Julius Kariuki. Ya tano ilikuwa ya ngumi za Wangila. Hadi leo hakuna Mkenya mwingine aliyeshinda dhahabu ya Olimpiki nje ya riadha.

Baada ya hapo aliingia ndondi za kulipwa na kuhamia Marekani. Huko mambo hayakuwa mteremko. Alishinda mapigano mengi, akapoteza machache, lakini mkanda wa dunia haukumfikia. Boudouani, yule aliyelazwa Seoul, ndiye aliyekuja kuwa bingwa wa dunia wa WBA mwaka 1996. Wakati huo Wangila hakuwepo tena.

Julai 22, 1994, alipanda ulingoni Las Vegas kupigana na David Gonzales. Raundi ya tisa refa Joe Cortez aliona ngumi zimezidi, akasimamisha pigano. Wangila alilalamika. Alikuwa amesimama, anaongea, anataka kuendelea. Muda mfupi baadaye alizimia. Alikimbizwa hospitalini akiwa na jeraha la ubongo, na Julai 24 akafariki. Alikuwa na miaka 26.

Sasa unaelewa kwa nini mzee wa Umoja alituuliza. Kumbe mtu anaweza kuwa amesimama na tayari anaondoka.

Najua kuna wasomaji watakaosema hii ndiyo sababu magazeti yasiandike kabisa kuhusu MMA, mchezo unaochanganya ngumi, mateke na mieleka. Wanasema huo ni unyama, damu tupu, na kuuandika ni kuupigia debe. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Pigano la kwanza la UFC lilifanyika Denver, Novemba 1993, miezi minane tu kabla ya Wangila kufa. Wakati huo hakukuwa na uzani, na kanuni zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Mwanasiasa mmoja mkubwa wa Marekani aliulinganisha na kupiganisha majogoo.

Lakini Wangila hakufia kwa majogoo. Alifia kwenye mchezo wa Olimpiki, wenye glavu, refa na kanuni za miaka mingi. Kama hatari ndiyo kipimo, basi ndondi nayo ingetolewa kwenye kurasa za michezo zamani. Na MMA yenyewe ilibadilika: ikawekewa uzani, raundi, glavu, vipimo vya daktari na orodha ndefu ya makosa. Nevada, jimbo lile lile alikofia Wangila, liliukubali rasmi 2001.

Tangu hapo Waafrika wametamba. Kamaru Usman na Israel Adesanya, wazaliwa wa Nigeria, na Francis Ngannou wa Cameroon, wote wamekuwa mabingwa wa UFC. Usman alitawala uzani unaoitwa welter, jina lile lile la uzani wa Wangila.

Mimi naona hivi. Tunamjua Wangila, alivyoshinda na alivyokufa, kwa sababu kulikuwa na waandishi waliomhesabu kuwa mwanamichezo. Kijana anayejifua leo kwenye jimu ya mtaani akiota kuwa Ngannou anastahili jicho hilo hilo, si la kumsifu tu. Mwandishi akiwa pale atauliza: daktari yuko wapi? Ambulensi iko? Huyu aliyezimishwa wiki mbili zilizopita, nani amemruhusu kupigana tena? Gazeti likikaa kimya, pigano halifutwi. Linafanyika tu bila mtu wa kuuliza.

Na tuandikiwe vizuri. Tusipewe tu picha ya uso uliovimba na kichwa cha kushtua. Tuelezwe ni kwa nini refa alisimamisha, ili sisi tulio kwenye simu tujifunze tunachotazama.

Niliporudi kwa beshte wiki iliyofuata nilimwambia mzee kwamba sasa namjua Wangila. Alicheka, akanipa ukurasa wa michezo. Usiku huo refa alisimamisha pigano lingine mapema. Wawili wetu walianza kuzomea. Mimi nilikuwa naangalia macho ya yule aliyepigwa.

Wewe je, uliwahi kulisikia jina la Wangila kabla ya leo?