Jamsetji Tata

Jamsetji Nusserwanji Tata (Navsari, Gujarat, 3 Machi 1839 – Bad Nauheim, Ujerumani, 19 Mei 1904) alikuwa mfanyabiashara wa Uhindi na mwanzilishi wa kampuni za Tata. Anahesabiwa kati ya waanzilishi wa viwanda vya kisasa nchini humo, ingawa alifariki kabla ya mipango yake mikubwa kukamilika.

== Maisha ya awali ==
Alizaliwa katika jumuiya ya Waparsi, wafuasi wa dini ya Zoroasta. Baba yake, Nusserwanji, aliacha desturi ya familia ya ukuhani akafanya biashara mjini Bombay (leo Mumbai). Jamsetji alihitimu Chuo cha Elphinstone mwaka 1858, kisha akatumwa Hong Kong kusimamia biashara ya familia, iliyohusu pamba na afyuni.

Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861–1865) bei ya pamba ya Uhindi ilipanda sana. Vita vilipokwisha bei ilianguka, na wafanyabiashara wengi wa Bombay walifilisika. Familia ya Tata nayo ilipata hasara kubwa. Jamsetji alikuwa London wakati huo, akalazimika kukabiliana na waliowadai.

== Viwanda ==
Mwaka 1868 alianzisha kampuni yake kwa mtaji wa rupia 21,000. Mwaka uliofuata alinunua kiwanda cha mafuta kilichofilisika, akakigeuza kuwa cha pamba, kisha akakiuza kwa faida.

Kiwanda chake kikubwa, Empress Mills, kilifunguliwa Nagpur tarehe 1 Januari 1877. Wengi walitegemea ajenge Bombay, lakini Nagpur ilikuwa karibu na mashamba ya pamba, na ardhi yake ilikuwa nafuu. Humo aliweka mashine mpya za kusokota uzi, na baadaye akaanzisha mfuko wa pensheni na fidia kwa wafanyakazi walioumia kazini.

== Mipango yake na urithi ==
Tata alikusudia kuanzisha mambo manne: kiwanda cha feleji, chuo cha sayansi, umeme wa nguvu za maji na hoteli kubwa. Aliyoiona ikikamilika ni hoteli tu: Taj Mahal ya Bombay ilifunguliwa Desemba 1903, miezi mitano kabla ya kifo chake. Alizikwa Brookwood, Uingereza.

Wanawe Dorabji na Ratanji pamoja na ndugu na washirika wao waliendeleza kazi. Mwaka 1907, baada ya kukosa mtaji London, waliuza hisa za kampuni ya feleji Bombay, na katika wiki chache maelfu ya Wahindi walizinunua zote. Chuo cha sayansi kilianzishwa Bangalore mwaka 1909, feleji ya kwanza ilitoka mwaka 1912, na umeme ulifika viwanda vya Bombay mwaka 1915.

Mwaka 1919 mji wa Sakchi, palipojengwa kiwanda cha feleji, uliitwa Jamshedpur kwa heshima yake.