Victor Hess, Aliyepanda Puto Kuitafuta Miali

Ndugu zangu wa Malindi walijua jukwaa la San Marco lililosimamishwa baharini huko kwao. Tarehe 15 Novemba, 1972, hapo kilirushwa chombo SAS-2 kwenda kupima miali ya gama itokayo mbali angani. Lakini njia hiyo ilifunguliwa zamani na mtu wa Austria kwa puto tu. Leo nawaletea habari zake.

Victor Hess alizaliwa tarehe 24 Juni, 1883. Wataalamu wa siku zile walijua kuwa hewani mna miali, wakadhani yote hutoka katika udongo na mawe. Kama ni hivyo, kadiri mtu apandavyo juu ndivyo itakavyopungua. Hess alipima kwanza jinsi miali ya gama ipenyavyo hewa, kisha akapanda kuhakikisha mwenyewe.

Alipanda mara kadhaa, mchana na usiku. Aprili 1912 alipanda jua likipatwa. Miali haikupungua, akajua haitoki juani. Tarehe 7 Agosti mwaka huo, akining'inia chini ya puto la haidrojeni, gesi iwakayo upesi, alifika meta 5,350, juu kuliko kilele cha Mlima Kenya. Hewa ilikuwa haba, lakini aliendelea kusoma vyombo vyake. Miali ilikuwa kama mara mbili ya ile ya ardhini. Basi ilitoka nje ya dunia.

Yeye aliidhania kuwa ni gama kali. Baadaye ilibainika kuwa nyingi ni chembe ndogo mno, ambazo zikigonga hewa huzaa gama.

Vijana wa mtaani kwetu Pumwani waliniuliza kama miali hiyo hutufikia. Naam, hutufikia. Hewa ndiyo ngao yetu, na Nairobi iko zaidi ya meta 1,600 juu ya bahari. Kwa hiyo sisi wa Eastlands twapata zaidi kidogo kuliko jamaa zetu wa Mombasa na Lamu. Wala si ya kutisha.

Mwaka 1936 Hess alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Mmarekani Carl Anderson. Miaka miwili baadaye watu wa Hitler waliitwaa Austria, wakamwondoa kazini. Mkewe alikuwa wa asili ya Kiyahudi. Akaihama nchi pamoja naye, akaenda kufundisha Chuo Kikuu cha Fordham, New York. Alifariki tarehe 17 Desemba, 1964, akiwa raia wa Marekani.

Kazi na nchi alinyang'anywa. Elimu aliyoiteremsha kutoka juu hakuna aliyeweza kumpokonya.