Edmond Albius na Ua la Vanila

Ikiwa unakaa Wasso, Karatu au kando ya misitu ya Ngorongoro, huenda umeona mimea midogo iotayo juu ya matawi ya miti mahali penye ukungu. Mizizi yake hushika magome ya miti, wala haifiki ardhini. Baadhi ya mimea hiyo ni okidi. Utaitambua okidi kwa ua lake: lina petali tatu, na moja kati ya hizo, iitwayo mdomo, ina umbo tofauti na zile mbili. Ziko okidi zenye maua meupe yanayonukia usiku. Harufu hiyo huwavuta nondo, nao huchukua chavua kutoka ua moja hadi jingine.

Vanila nayo ni okidi. Matunda yake, yakisha kukaushwa vizuri, hunukia sana, na hutumiwa katika keki na aiskrimu. Sasa soma habari za mtoto aliyewawezesha wakulima kuipanda mbali na kwao.

Edmond alizaliwa mwaka 1829 huko Sainte-Suzanne, katika kisiwa cha Réunion, mashariki ya Madagaska. Siku hizo kisiwa hicho kiliitwa Bourbon. Mama yake alikuwa mtumwa, naye alifariki alipomzaa. Edmond pia akawa mtumwa, na hakupelekwa shule. Alilelewa katika shamba la Ferréol Bellier-Beaumont, Mfaransa aliyependa sana mimea. Edmond alimfuata bustanini, akajifunza sehemu za maua. Huko alionyeshwa jinsi ya kuchavusha kwa mkono ua la mmea wa jamii ya maboga.

Katika bustani hiyo ulikuwapo mvanila uliopandwa karibu miaka 20 nyuma, lakini haukuzaa. Kwa nini? Asili ya vanila ni Meksiko, na huko huchavushwa na nyuki wa nchi hiyo. Nyuki hao hawakuwapo kisiwani. Tena, ndani ya ua, chavua na stigma hutenganishwa na kiwambo chembamba. Mwaka 1836 Charles Morren, mtaalamu wa Ubelgiji, alifaulu kuchavusha vanila, lakini njia yake haikuwafaa wakulima.

Mwaka 1841 Edmond alikuwa na umri wa miaka 12 tu, pengine sawa na wewe. Alilichunguza ua la vanila kwa makini, akakumbuka aliyoonyeshwa katika ua la boga. Alichukua kijiti chembamba, akakiinua kile kiwambo, kisha kwa kidole gumba akaisukuma chavua mpaka ikagusa stigma. Baadaye Bellier-Beaumont aliona matunda mawili. Hakuamini kuwa ni kazi ya Edmond, mpaka mtoto huyo alipochavusha maua mengine mbele yake.

Edmond alipelekwa shamba hata shamba kuwafundisha watumwa wenzake. Wenye mashamba walitajirika, lakini yeye hakupata kitu. Utumwa ulikomeshwa kisiwani mwaka 1848. Edmond akawa huru, akapewa jina la Albius. Maisha yake yaliendelea kuwa magumu, hata akafungwa kwa kosa la wizi. Mtaalamu mmoja wa mimea alidai kuwa yeye ndiye aliyeanzisha njia ile. Bellier-Beaumont aliandika barua kumtetea Edmond, na leo ulimwengu unajua ukweli. Edmond Albius alifariki mwaka 1880, akiwa maskini.

Hata leo wakulima wa Madagaska, Uganda na mkoa wetu wa Kagera huchavusha vanila kwa mkono, ua moja baada ya jingine. Ua hilo hufunguka siku moja tu. Mkulima akichelewa, tunda halipatikani.

Jambo la kufanya

Asubuhi, tafuta ua dume na ua jike la mboga. Ua jike lina kiboga kidogo chini yake. Pakaza chavua ya ua dume juu ya stigma ya ua jike. Chunguza kila siku, uandike unayoyaona. Okidi za msituni zitazame tu, usizing'oe.

Maswali

1. Kwa nini mvanila wa Bellier-Beaumont haukuzaa?
2. Edmond alitumia vitu gani kuchavusha ua?
3. Utaitambuaje okidi?
4. Je, Edmond alitendewa haki? Eleza.