Paul Klee: mchoraji aliyerudi na vipimo kutoka bonde la Nile

Anayesimama kwenye vilima vya Rusizi na kulitazama bonde la Bugarama huona majaruba ya mpunga yamepangwa kama vipande vya nguo vilivyoshonwa pamoja: kijani kichanga, kijani kilichokolea, manjano, kisha maji matupu yanayong'aa. Mifereji ndiyo inayovigawa. Ni vigumu kumweleza mtu sanaa dhahania ni nini, yaani mchoro usioonyesha sura ya kitu, lakini aliyewahi kulitazama bonde hilo kwa utulivu amekwisha kuielewa nusu yake.

Paul Klee hakufika kwetu. Alifika Misri, ambako huishia sehemu ya mvua inayonyesha upande wa mashariki wa msitu wa Nyungwe, na safari hiyo ya majuma machache iliugeuza uchoraji wake.

Alizaliwa tarehe 18 Desemba 1879 huko Münchenbuchsee, karibu na mji wa Bern nchini Uswisi. Mama yake alikuwa Mswisi mwimbaji; baba yake, mwalimu wa muziki, alikuwa Mjerumani. Mtoto alifuata uraia wa baba, hivyo Klee alikulia Bern huku karatasi zake zikimhesabu kuwa mgeni. Msomaji aliweke jambo hili akilini, kwa maana litarudi. Alikuwa hodari wa kupiga fidla tangu utotoni, na wengi walidhani muziki ungekuwa kazi yake. Alichagua kuchora, akaenda kusoma Munich, na mwaka 1906 akamwoa Lily Stumpf, mpiga piano. Kwa miaka kadhaa mke alifundisha piano ili nyumba ile, naye Klee akapika na kumlea mwana wao, Felix.

Hadi wakati huo alijulikana zaidi kwa kalamu na wino. Aprili 1914 alisafiri Tunisia pamoja na wachoraji wawili, August Macke na Louis Moilliet, wakafika Kairouan, mji ambao wasikilizaji wetu Waislamu wanaufahamu kwa msikiti wake mkuu ulioasisiwa na Uqba ibn Nafi mwaka 670. Klee alichora malango ya mji kwa rangi za maji, na katika karatasi zile kuta na kuba zinaanza kuyeyuka na kuwa miraba ya rangi. Huko ndiko alikojihesabu kuwa mchoraji. Miezi michache baadaye Macke aliuawa katika Vita vya Kwanza vya Dunia.

Desemba 1928 alipopanda meli kwenda Misri, Klee alikuwa na umri wa miaka 49 na alikuwa mwalimu mashuhuri katika chuo cha Bauhaus mjini Dessau, Ujerumani. Alizitembelea piramidi za Giza, mahekalu ya Karnak, makaburi ya wafalme yaliyochongwa ndani ya majabali ng'ambo ya Luxor, kisha Aswan. Mtu angetarajia arudi na picha za nguzo na mitende. Alirudi na vipimo.

Mchoro mmoja wa mwaka 1929 aliuita Mnara katika Nchi ya Rutuba. Hauna mnara wowote. Una kanda za rangi zilizolala kutoka ukingo hadi ukingo. Ukanda mmoja unakatwa mara mbili, nusu inakatwa tena kuwa robo, robo kuwa thumni. Mpiga fidla atatambua mara moja hesabu hiyo: ndivyo noti ya muziki inavyogawanywa. Ndivyo pia mkulima wa kando ya Nile anavyoyagawa maji na udongo, chini ya majabali walimozikwa wafalme. Klee alikuwa akiifundisha hesabu hii darasani hata kabla ya safari. Misri ilimwonyesha kwamba watu walikuwa wakiiishi.

Mkubwa zaidi ni ule uitwao Njia Kuu na Njia za Kando, wa mwaka huohuo, unaohifadhiwa katika jumba la Museum Ludwig mjini Cologne. Njia pana inapanda katikati, ikizidi kuwa nyembamba, hadi kwenye kanda za buluu juu kabisa. Pande zote mbili zimejaa vijia vinavyopinda na kukatika. Binafsi siwezi kuutazama bila kuona njia ya waabudu ielekeayo hekaluni. Mwingine ataona majaruba tu, naye hatakuwa amekosea.

Mwaka 1932 akamaliza Ad Parnassum, uliopewa jina la mlima mtakatifu wa Wagiriki wa kale: maelfu ya nukta, na juu yake pembetatu ambayo ni mlima na pia piramidi.

Kisha mambo yakaharibika. Wanazi walipotwaa madaraka mwaka 1933 walimfukuza kazi ya kufundisha mjini Düsseldorf, naye akarejea Bern. Mwaka 1935 alishikwa na maradhi yaliyoifanya ngozi yake kuwa ngumu. Mwaka 1937 michoro yake 17 ilitundikwa Munich katika maonyesho yaliyoandaliwa ili umma uicheke, na zaidi ya kazi zake 100 ziliondolewa katika majumba ya sanaa ya Ujerumani. Mwaka huohuo, miaka minane baada ya safari yake, alichora Hadithi ya Nile: viraka vya buluu, mashua, na alama nyeusi nene zinazofanana na maandishi ya kwenye kuta za makaburi. Mwaka 1939 pekee alitengeneza kazi 1,253.

Alifariki tarehe 29 Juni 1940 huko Muralto, Uswisi. Ombi lake la uraia wa nchi aliyozaliwa lilikuwa bado halijakamilika.

Mwaka 1957 kijana Mwethiopia, Skunder Boghossian, aliwasili Paris kusoma uchoraji. Kazi za Klee zilikuwa miongoni mwa zile zilizomgusa sana, naye alizichanganya na yale aliyoyajua tangu utoto wake Addis Ababa: picha za makanisa ya kale, na hirizi za ngozi zilizojaa macho na maandishi ya Kigeez.