Euler: Kipofu aliyefunza dunia kupima mizunguko ya viungo

MKULIMA wa Mbooni, Kaunti ya Makueni, anapoinua jembe kutengeneza matuta mlimani, mkono wake hupanda, huenda kando na kujipinda kwa pamoja. Wataalamu wanaopima mizunguko hiyo ya bega, nyonga na goti hadi leo hutegemea hesabu za Leonhard Euler, aliyefariki zaidi ya karne mbili zilizopita.

Euler alizaliwa Basel, Uswisi, Aprili 15, 1707. Baba yake, mchungaji wa kanisa, alitaka mwanawe arithi kazi hiyo. Mwanahisabati Johann Bernoulli ndiye aliyemshawishi mzee huyo amwachie kijana afuate hisabati. Mnamo 1727 alijiunga na Akademia ya Sayansi ya St Petersburg, Urusi. 1741 akahamia Berlin, na 1766 akarejea Urusi.

Masaibu hayakumwacha. Jicho la kulia lilipoteza nuru akiwa na umri wa miaka thelathini hivi. La kushoto likashikwa na mtoto wa jicho, na upasuaji wa 1771 ukaambulia patupu. Mwaka uo huo nyumba yake iliteketea. 1773 mkewe, Katharina, akaaga dunia. Kati ya watoto wao 13, ni watano tu waliofikia utu uzima.

Hata hivyo, aliendelea kutunga hesabu kichwani na kuwasomea wasaidizi waziandike. Mnamo 1775 alithibitisha kwamba kitu kigumu kilichoshikiliwa kwenye nukta moja, hata kikigeuzwa mara ngapi, mkao wake wa mwisho unaweza kufikiwa kwa mzunguko mmoja tu. Pembe tatu zinazoeleza mkao huo zina jina lake.

Ugumu ni mpangilio. Msomaji na aning'inize mkono wa kulia, kiganja kikielekea paja. Auinue mbele hadi usawa wa bega, aupeleke kando, kisha aushushe. Kiganja sasa kitatazama mbele, ilhali hakuupinda mkono hata kidogo. Ndiyo sababu wapimaji wawili wanaofuata mpangilio tofauti hupata pembe tofauti kwa mgonjwa yule yule, na daktari anaweza kudhani bega limepona kumbe bado. Mnamo 2005, Chama cha Kimataifa cha Biomekanika kilichapisha mapendekezo ya mpangilio wa kufuatwa kwa bega, kiwiko na kifundo cha mkono.

Euler alifariki Septemba 18, 1783, akiwa na umri wa miaka 76, siku ambayo alikuwa akijadili njia ya sayari ya Uranus. Aliacha maandishi zaidi ya 800, karibu nusu yake yakiwa ya miaka ya giza.