Imamu Abu Hanifa Dukani Mwake

Imamu Nuumani bin Thabit, aliye mashuhuri kwa jina la Abu Hanifa, Mwenyezi Mungu amridhie, alizaliwa katika mji wa Kufa, nchi ya Iraki, mwaka wa 80 wa Hijra (699). Asili ya jamaa zake ni Waajemi. Watu wengi humjua kwa madhehebu yake, na wachache hukumbuka ya kuwa riziki yake ilitoka katika duka la nguo. Duka hilo lilikuwa palepale Kufa, katika nyumba iliyojulikana kwa jina la Amri bin Hureithi, na bidhaa yake ilikuwa khazi, nayo ni nguo ya hariri iliyochanganywa na sufu.

Aliingia sokoni tangu ujanani. Imepokewa ya kuwa Imamu Shaabi alimwona akipita kwenda sokoni, akatambua kuwa ni kijana mwenye akili nyingi, akamhimiza akae na wanavyuoni. Basi akamwandama Sheikh Hammadi bin Abi Suleimani kwa muda wa miaka 18, hata Sheikh huyo alipofariki mwaka wa 120 (738) akakaa yeye mahali pake kusomesha. Wala duka hakulifunga.

Wafanyao biashara aghalabu hudhani ya kuwa ustadi wa kupatana bei ni kumficha mwenzio lile ulijualo wewe. Mwenendo wa Imamu huyu ulikuwa mwingine. Siku moja alijiwa na mwanamke aliyechukua nguo ya hariri, ataka kuiuza kwa mia. Imamu akamwambia ya kuwa thamani yake yapita hiyo. Mwanamke akaongeza mia, kisha mia tena, hata akafika mia nne, na Imamu yungali asema imezidi hapo. Mwanamke akadhani yuwachezewa. Akamwambia amlete mtu ajuaye bei za nguo. Akaja mtu, akaikadiri, Imamu akainunua kwa mia tano. Mnunuzi ndiye aliyepandisha bei, na alipoona kuwa neno lake halisadikiwi, akaleta wa tatu awe kati yao.

Na mara nyingine alijiwa na bibi kizee, mnyonge, akamwomba amwuzie nguo kwa bei ile ile aliyoinunulia yeye. Bei ya namna hiyo huitwa tauliya, nayo haisimami ila juu ya uaminifu wa muuzaji, kwani mnunuzi hana njia ya kujua. Imamu akamtajia dirhamu nne. Bibi akaona afanyiwa mzaha kwa ajili ya uzee wake. Ndipo akamfunulia hesabu: alinunua nguo mbili pamoja, akaiuza moja kwa rasilmali yote kasoro dirhamu nne, basi hii ya pili imemsimamia kwa dirhamu nne.

Na la ajabu ni kuwa katika fikihi Abu Hanifa ndiye aliyefunga bei upesi. Kwake yeye, mmoja akitamka kuuza na wa pili akatamka kukubali, bei imelazimu. Hapana wa kurudi ila kwa sharti waliyowekeana, au kwa aibu iliyozuka, au kwa kitu ambacho mnunuzi hakupata kukiona. Imamu Shafii, ambaye watu wa pwani hii humfuata, amesema kuwa wote wawili wana khiyari ya kuivunja maadamu wangali pamoja katika kikao chao, hawajaachana kwa miili yao. Naye ameshika hadithi sahihi, na kauli yake yamfaa zaidi mnyonge. Lakini yuko mfuasi wa Shafii ambaye akisha kupokea fedha huinuka mbio akatoka dukani, ili khiyari ya mwenziwe ife. Jambo hilo limekemewa katika hadithi, na mwenye kulifanya ameshika tamko la Imamu wake akaitupa maana. Abu Hanifa hakuwapa watu khiyari ya kikao. Lakini mwanamke yule na bibi kizee yule walihitaji nini kurudi nyuma, hali yote ya kujulikana yalikwisha julikana kabla ya neno la kukubali?

Uaminifu huo ulimgharimu. Mshirika wake, Hafsi bin Abdurrahmani, alipelekewa mzigo wa nguo, akaagizwa ya kuwa nguo fulani ina aibu, asiiuze ila aibaini. Hafsi akauza, akasahau kubaini, na aliyeinunua hakumjua ni nani. Imamu alipopata habari alitoa sadaka thamani ya mzigo wote, si ya nguo ile peke yake. Mtu hodari wa hesabu kama yeye hakukosa kujua tofauti ya mafungu hayo mawili.

Faida ya biashara yake alikuwa akiikusanya mwaka kwa mwaka, akawanunulia wanavyuoni chakula na nguo, na kilichobaki akawagawia dinari. Yeye mwenyewe hakuwa na haja ya mkono wa mtawala. Khalifa Mansuri alipomtaka awe kadhi alikataa, akafungwa. Akafariki Baghdadi mwaka wa 150 (767), na kaburi lake liko huko, katika mtaa unaoitwa Aadhamiya. Na mwaka huo huo alizaliwa Imamu Shafii katika mji wa Ghaza. Mwenyezi Mungu awaridhie wote wawili.